Daktari wa jicho moja aliyefuatilia uvimbe wa taya

Denis Burkitt alipoteza jicho moja akiwa na miaka 11. Bado akawa daktari wa upasuaji Hospitali ya Mulago, Uganda.

Mwaka 1957 alioneshwa mtoto aliyevimba taya zote mbili. Muda mfupi baadaye, Jinja, akakuta mwingine. Ilikuwa saratani, na kisu hakikusaidia.

Akatuma picha hospitali nyingi za Afrika, akiuliza nani kaiona. Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili walizunguka kwa gari wiki 10. Wakagundua inafuata joto na mvua, kama malaria.

Akaanza kuitibu kwa dawa, baadhi ya watoto wakapona.

Burkitt alifariki 1993. Bugando, Mwanza, bado inatibu watoto wenye saratani inayoitwa kwa jina lake.