Helmholtz: Daktari wa jeshi aliyeng'amua kuwa jicho hukisia

Mitambo yenye akili bandia inayojifunza na kupanga safari yake bila hakika ya kilicho mbele ina deni kwa Mjerumani aliyefariki zaidi ya karne moja iliyopita, Hermann von Helmholtz.

Alizaliwa mjini Potsdam mnamo Agosti 31, 1821, babake akiwa mwalimu. Kijana huyo alitamani kusomea fizikia, ila mshahara wa mzazi haukutosha. Akajiunga na chuo cha udaktari wa kijeshi jijini Berlin, ambako serikali ilimsomesha kwa sharti kwamba angetumikia jeshi kwa miaka minane. Hisabati alijisomea mwenyewe.

Mwaka wa 1847, akiwa bado daktari wa kikosi, aliandika makala kuhusu uhifadhi wa nishati. Jarida mashuhuri la fizikia liliyakataa, akayachapisha kama kijitabu. Kanuni hiyo sasa hufundishwa katika kila shule ya upili, mara nyingi bila jina lake kutajwa.

Jeshi lilimwachilia mapema, na mnamo 1849 akawa profesa mjini Königsberg. Mwalimu wake, Johannes Müller, aliamini kwamba kasi ya ujumbe katika neva haiwezi kupimika. Helmholtz aliipima kwa kutumia neva na msuli wa chura, akapata kati ya mita 25 na 40 hivi kwa sekunde, mwendo wa chini mno kuliko ule wa sauti hewani. Kwa maoni yangu, hapa ndipo safari yake halisi ilipoanzia. Iwapo habari huchelewa njiani, ubongo hauuoni ulimwengu wenyewe bali hupokea dalili tu.

Kifaa cha kuchungulia ndani ya jicho, alichokitangaza mwaka wa 1851, kilimpa sifa kote Ulaya. Lakini kazi yake nzito zaidi ni kitabu kuhusu uonaji kilichotoka kwa sehemu kati ya 1856 na 1867. Humo alidai kwamba kuona ni kukata kauli bila kujitambua: akili huchukua dalili chache kutoka machoni, ikazilinganisha na tajriba, kisha ikakisia kilichozisababisha.

Alijifanyia majaribio. Alivaa miwani ya vioo vinavyopinda mwanga, na alipofumba macho na kunyoosha mkono kukishika kitu alichokuwa amekiona, alikikosa. Baada ya kuutazama mkono wake ukifanya kazi kwa muda, alikipata. Alipoivua miwani, alikikosa tena, safari hii kwa upande wa pili. Mkono ulikuwa umelifunza jicho. Kwake, kila tunapogeuza macho au kukizungusha kitu mikononi tunayapima makisio yetu.

Ewald Hering alimpinga vikali, akishikilia kwamba uwezo huo huzaliwa nao mtu. Mvutano wao ulidumu miaka mingi, na ni haki kusema kuwa Helmholtz hakuwa na hesabu za kuonyesha jinsi akili inavyokisia.

Mnamo 1893 alisafiri hadi Chicago, na wakati wa kurejea akaanguka vibaya melini. Alifariki Septemba 8, 1894.

Hesabu alizozikosa zilikuja baadaye. Mnamo 1995, Peter Dayan, Geoffrey Hinton, Radford Neal na Richard Zemel waliupa mfumo wao wa tarakilishi unaojifunza jina la Helmholtz. Katika muongo uliofuata, Karl Friston wa London alieleza kwamba kiumbe au mtambo hujitahidi kupunguza kiasi kinachoitwa nishati huru. Jina hilo Helmholtz alikuwa amelitumia katika kemia mwaka wa 1882, ingawa hapa si habari ya joto, bali ni kipimo cha jinsi makisio yasivyolingana na dalili. Njia ni mbili: kubadili makisio, au kutenda ili dalili zenyewe zibadilike.

Chukua roboti inayotafuta umeme ndani ya jengo, isijue kama soketi iko kushoto au kulia. Kwenye kona ya nyuma pana kibao chenye mshale. Roboti iliyoundwa kwa kanuni hii hupima kila mpango kwa mambo mawili: utaikaribisha kiasi gani kwenye lengo, na utaiondolea mashaka kiasi gani. Kwa hivyo hurudi nyuma kwanza ikasome kibao, japo huko hakuna umeme.