Kapteni Joubert na Swali la Nani Aongoze Majeshi

Mvua ikiisha kunyesha na hewa ikatakata, mtu asimamaye juu ya vilima vya Bangwe huiona milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Akiufuata kwa mawazo ukingo ule wa ng'ambo kuelekea kusini, atapita Kalemie, atafika Mpala, na mbele yake Moba. Huko ndiko alikoishi na kufa mwanajeshi mmoja Mfaransa, Leopold Louis Joubert, ajulikanaye hata leo kwa jina la Kapteni Joubert. Twapenda kuyasimulia maisha yake, maana yanagusa swali ambalo watu hawachoki kubishana juu yake: achaguliwapo mkuu wa majeshi, je, yafaa kutazama kabila lake, rangi yake, dini yake na mahali alipozaliwa, au yatosha kutazama uwezo wake tu?

Joubert alizaliwa tarehe 22 Februari 1842 huko Saint-Herblon, katika Ufaransa ya magharibi. Mwaka 1860, akiwa kijana wa miaka kumi na minane, aliondoka kwao akajiandikisha katika jeshi la Papa, ambaye nchi zake wakati ule zilikuwa zikishambuliwa na wale waliotaka kuiunganisha Italia yote chini ya mfalme mmoja. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo alipigana Castelfidardo, mahali ambapo jeshi la Papa lilishindwa. Hakurudi nyumbani. Alidumu katika kikosi cha Wazuavi wa Papa hata tarehe 20 Septemba 1870, siku ile Roma ilipotekwa, na katika miaka hiyo kumi akapanda hata cheo cha kapteni.

Kikosi hicho chastahili kuangaliwa kidogo. Humo walikuwamo Waholanzi, Wafaransa, Wabelgiji, Waayalandi, na hata vijana waliovuka bahari kutoka Kanada. Hakuna aliyeulizwa taifa lake, ila kila mmoja alijulikana kwa imani yake. Basi, hata jeshi lile lililosahau mataifa halikuacha kabisa kutazama mtu ni nani. Lilitazama jambo moja, lile ambalo kwa ajili yake lilikuwa tayari kufa. Wala hatuoni kosa hapo, kwa maana askari yampasa kulipenda lile analolilinda.

Wakati huo Kardinali Lavigerie alikuwa ameanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, waitwao Mapadre Weupe. Wa kwanza wao walifika Ujiji mwezi wa Januari 1879. Walikuta mji wa biashara, na katika biashara hiyo binadamu waliuzwa pamoja na pembe za ndovu. Mwezi wa Mei 1881, huko Rumonge katika nchi ya Burundi, mapadre wawili na msaidizi wao mmoja waliuawa. Kardinali alikuwa amekwisha kuona kwamba vituo vyake vyahitaji walinzi, akawaita askari wa zamani wa Papa wajitolee. Joubert alijitoa mwaka 1880, akaja, akalinda kituo cha Kibanga upande wa kaskazini magharibi wa Ziwa hata mwaka 1885.

Hapa tusifiche neno. Kardinali alipotafuta wakuu wa walinzi hakuwatafuta Wabwari, Watabwa wala Waha. Alitafuta watu wa bara lake na wa imani yake, kwa kuwa ndio aliowajua na kuwaamini. Ndivyo wafanyavyo wakubwa wengi hata leo: mtu humwamini upesi yule anayefanana naye. Jambo hilo ni la kibinadamu, walakini si kipimo cha kweli. Ushahidi wake uko Mpala penyewe.

Kituo cha Mpala kilijengwa mwaka 1883 na Luteni Emile Storms, ofisa Mbelgiji. Naye alikuwa Mzungu, mwanajeshi aliyesoma kazi yake, hodari kama Joubert. Mwaka 1884 askari wake walimpiga chifu Lusinga, wakamkata kichwa, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji. Mwaka 1885 Storms aliwakabidhi mapadre kituo, akaenda zake kwao. Joubert naye alirudi Ulaya mwaka huo, lakini mwaka uliofuata akaja tena, akapitia Karema, na tarehe 20 Machi 1887 akafika Mpala kuwa mkuu wa ulinzi. Watu wawili wa rangi moja, wa kazi moja, katika boma moja. Mmoja alikaa miaka michache, akaacha nyuma kilio. Mwingine alikaa miaka arobaini. Nani angaliweza kuwapambanua kwa kutazama nyuso zao?

Mwaka 1888 Joubert alifanya mambo mawili. Alianzisha kijiji chake cha Mtakatifu Louis huko Mrumbi, si mbali na Mpala. Tena alifunga ndoa ya Kikristo na Agnes Atakao, binti wa nchi ile. Wazungu wengi wa siku zile waliishi na wanawake wa Kiafrika kisha wakawaacha pamoja na watoto wao. Joubert alisimama mbele ya altare, akaapa, akakitimiza kiapo. Tangu siku ile askari wake walijua kwamba nyumba ya mkuu wao iko mahali pale zilipo nyumba zao, na kwamba kijiji kikichomwa moto, watakaolia ni pamoja na mke wake na watoto wake. Alikwisha kuwa mtu wa kwao, si kwa kuzaliwa, bali kwa kukaa.

Hilo lilijaribiwa upesi. Mkubwa wa biashara ya Ujiji katika miaka hiyo alikuwa Muhammad bin Khalfan, aitwaye Rumaliza, mtu wa asili ya Lindi. Vikundi vya wenye bunduki vilivuka Ziwa, vikateka vijiji vya ng'ambo. Wala tusidhani kwamba waliokuwa katika vikundi hivyo walikuwa wageni watupu. Wengi walikuwa Waafrika, wengine wametekwa utotoni, wengine wa makabila yale yale waliyoyashambulia. Udugu wa damu haukuuzuia mkono kufunga mnyororo. Kufikia mwaka 1891 karibu ukingo wote wa magharibi ulikuwa chini ya wateka watumwa, isipokuwa Mpala na uwanda wa Mrumbi. Joubert alibaki na watu wapatao mia mbili, wenye bunduki za aina nyingi na risasi zisizolingana nazo, na dawa zimekaribia kwisha. Hakukimbia, nao hawakumkimbia. Mwezi wa Oktoba mwaka huo msafara wa Kapteni Jacques, uliotumwa na chama cha Ubelgiji cha kupinga utumwa, ulimfikia ukamwokoa. Mwaka 1894 nguvu za Rumaliza zilivunjwa.

Vita vilipokwisha, Joubert hakutafuta makuu. Mwaka 1910 alihamia Misembe, karibu na Moba, akaishi kama mkulima na baba wa jamaa. Wawili katika wanawe walipewa upadre. Alifariki tarehe 27 Mei 1927, mwenye umri wa miaka themanini na mitano, bila kurudi kukaa kwao.

Msomaji aweza kusema: basi jawabu limepatikana, asili ya mtu si kitu, moyo wake ndio kitu. Lakini tusiharakishe. Wale watu mia mbili waliolishika boma la Mpala walikuwa wana wa nchi. Hao ndio waliozijua njia, hao ndio waliokufa. Na katika jeshi la serikali ya Kongo, lililotawala ng'ambo baada ya vita hivyo, hakuna mwana wa nchi aliyepewa nafasi ya kuwa ofisa kamili katika miaka yote hata uhuru wa mwaka 1960. Siku chache baada ya uhuru askari waliasi, na nchi ikatumbukia matatani. Sisi nasi tulionja kidogo. Januari 1964 askari wa Tanganyika waliasi Dar es Salaam, na siku iliyofuata wale wa Tabora, wakidai mshahara ulio bora na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Njia yao ilikuwa mbaya, na serikali ililivunja jeshi lile ikaunda jipya. Hata hivyo malalamiko yao hayakuzuka bure. Mlango ukifungwa mbele ya mtu kwa sababu ya rangi yake, usimwambie kwamba rangi si kitu.

Watu wa Kigoma hawahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Tumewapokea ndugu zetu wa Burundi, hasa tangu mauaji ya mwaka 1972. Katika nchi ile ukuu wa jeshi ulikuwa umeshikwa kwa miaka mingi na watu wa kabila moja, na wengi wao wa mkoa mmoja. Raia wengine walipoiona bunduki ya serikali hawakuiona kuwa mlinzi wao. Ndiyo maana mapatano ya Arusha ya Agosti 2000, ambayo Mwalimu Nyerere aliyasimamia mazungumzo yake hata kufa kwake mwaka 1999, yaliweka sharti kwamba kabila lolote lisizidi nusu ya jeshi. Sharti hilo lilihesabu makabila waziwazi, nasi hatuthubutu kulilaumu. Lilikuwa dawa kwa mgonjwa. Lakini dawa si chakula. Nchi iliyo nzima haipaswi kuishi kwa kuhesabu damu za majemadari wake, wala nchi iliyo mgonjwa haipaswi kujifanya nzima.

Maisha ya Joubert yanatufundisha hivi. Asili ya mtu isimfanye mkuu, wala isimzuie kuwa mkuu. Mwenye kuchagua na atazame uwezo na uaminifu. Kisha aulize neno moja lililo gumu zaidi: je, mtu huyu amekubali kupatwa na yale yatakayowapata anaowaongoza? Na baada ya kuchagua, ageuke auangalie mlango nyuma yake kama uko wazi kwa kila mwana wa nchi, wa bara na wa ziwani, wa kabila kubwa na dogo, mwanamume na mwanamke. Akiona kwamba kwa miaka mingi wapitao humo ni wa nyumba moja tu, ajue kwamba hakuwa akipima uwezo, hata kama alidhani hivyo.

Wana wa Joubert walikuwa na baba Mfaransa na mama Mwafrika. Mwenye kugawa vyeo kwa rangi asingalijua awaweke upande gani. Mama yao na jirani zao wa Mrumbi hawakupata shida hiyo, maana waliwajua kwa majina yao.