Wasifu: Niels Finsen, Daktari wa Mwanga

Ukiulizwa kuhusu mionzi isiyotengeneza ioni, usikimbilie kuandika kwamba haina madhara. Miale ya urujuanimno inayotufikia kutoka kwenye jua haina nguvu ya kung'oa elektroni kama eksirei, lakini ngozi huunguzwa nayo. Niels Ryberg Finsen alilichunguza jambo hilo kwa mkono wake mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 15 Desemba 1860 mjini Tórshavn, visiwa vya Faroe, vilivyo chini ya Denmark. Shuleni hakung'aa. Mkuu wa shule yake ya bweni alimwona kuwa mtoto mwema asiye na uwezo mkubwa, ikabidi ahamishiwe Iceland. Hata hivyo, mwaka 1890 alihitimu udaktari mjini Copenhagen.

Wakati huo alikuwa tayari mgonjwa, damu imepungua na mwili umechoka. Nyumba yake ilitazama kaskazini, haikupata jua (kumbuka kwamba huko Ulaya jua hupita upande wa kusini), naye akaanza kujiuliza mwanga hufanya nini mwilini. Alijipaka mkononi mstari mpana wa wino mweusi, kisha akauanika mkono juani kwa saa tatu hivi. Alipoufuta wino, ngozi ya chini yake ilikuwa vilevile, lakini kandokando ilikuwa imewiva, na baadaye ikageuka kahawia. Akaanika tena, sasa bila wino. Safari hii palipokuwa pamefunikwa ndipo palipoungua, na pale pa kahawia pakastahimili. Hiyo ndiyo kazi ya melanini, na ndiyo sababu mwenzako mwenye ualbino anahitaji kofia pana na mikono mirefu.

Kuanzia mwaka 1895 aliutumia mwanga kutibu kifua kikuu cha ngozi, ugonjwa uliokuwa ukila nyuso za watu. Zingatia kifaa chake, maana fizikia yote imo humo: taa kali ya kaboni, lenzi za kwatzi, kwa kuwa kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya urujuanimno, maji ya kupunguza joto, na kibao cha kubana ngozi ili damu isogee, kwani damu hufyonza miale. Taasisi yake ilifunguliwa Copenhagen mwaka 1896. Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Miongo kadhaa baadaye, dawa za kifua kikuu zilichukua nafasi ya taa hizo.

Maradhi yake mwenyewe hayakutibika kwa mwanga. Akiwa kwenye kiti cha magurudumu aliendelea kupima chumvi na maji yaliyoingia mwilini mwake, na mwaka 1904 akachapisha matokeo. Alifariki tarehe 24 Septemba mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 43.