Callie House: Dobi Aliyedai Pensheni kwa Waliokuwa Watumwa Marekani

Utumwa ulipokomeshwa nchini Marekani mwaka 1865, watu wapatao milioni nne waliachwa huru bila ardhi, bila mtaji na bila malipo ya kazi waliyofanyishwa. Miongoni mwao alikuwamo mtoto mdogo wa Kaunti ya Rutherford, jimbo la Tennessee, ambaye baadaye alifahamika kwa jina la Callie House.

House alizaliwa utumwani takriban mwaka 1861. Alipata elimu ya msingi, akaolewa, na baada ya kufiwa na mumewe aliwalea watoto wake watano kwa kipato cha kufua na kushona nguo. Wakati huo serikali ilikuwa ikiwalipa pensheni askari waliopigana upande wake katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, ilhali wazee waliotumikishwa utumwani hawakulipwa chochote.

Mwaka 1898, House na Isaiah Dickerson walisajili mjini Nashville chama chenye kazi mbili. Kwanza, michango midogo ya wanachama ilitumika kuwahudumia wagonjwa na kugharimia mazishi. Pili, chama kilikusanya saini za kuliomba Bunge kupitisha muswada wa pensheni, ambao ungempa mzee wa miaka 70 na zaidi dola 500 kwa mkupuo na dola 15 kila mwezi.

Dai hilo halikuchunguzwa. Mwaka 1899, Idara ya Posta ilizuia barua za chama kwa hoja kwamba Bunge halikuwa na nia ya kulipa, hivyo kuchangisha fedha kwa ajili hiyo ni utapeli. House alijibu kwa maandishi kuwa Katiba inampa kila raia haki ya kuwasilisha maombi yake serikalini, akaendelea kuzunguka majimbo ya Kusini kuandikisha wanachama.

Mwaka 1915, chama kiliunga mkono kesi ya kudai dola milioni 68 zilizotokana na kodi ya pamba iliyolimwa na watumwa. Mahakama iliitupa kesi hiyo kwa kuwa serikali haiwezi kushtakiwa bila ridhaa yake. Mwaka 1917, House alitiwa hatiani kwa udanganyifu kwa njia ya posta, mbele ya jopo la wanaume Wazungu watupu, akafungwa jela jimboni Missouri. Alipoachiwa mwaka 1918 alirejea Nashville kwenye kazi yake ya kufua na kushona, hadi alipofariki dunia mwaka 1928.

Muswada wa kuunda tume ya kitaifa ya kuchunguza suala la fidia uliwasilishwa bungeni mwaka 1989 na mbunge John Conyers, na umekuwa ukirudishwa bila kupitishwa. Jimbo la California liliunda kikosi kazi chake kwa sheria ya mwaka 2020, na ripoti ya mwisho ilitolewa mwaka 2023. Umoja wa Afrika nao uliufanya mwaka 2025 kuwa wa kudai haki kwa Waafrika na watu wenye asili ya Afrika kupitia fidia. Uchunguzi ambao House alinyimwa sasa umeanza kufanywa na serikali zenyewe.