Ibn Khaldun na Mlango wa Ndoto

Mwanafunzi wa historia, uchumi au sosholojia hamalizi mwaka wa kwanza bila kukutana na jina la Ibn Khaldun. Atafundishwa habari ya asabiyya, yaani ule mshikamano wa jamaa unaosimamisha dola, na ambao ukilegea dola huanguka. Jambo ambalo pengine hatafundishwa ni kwamba mwanachuoni huyu aliwahi kujaribu, yeye mwenyewe, kuiita ndoto aliyoitaka, na akaandika yaliyotokea.

Ndugu msomaji, jambo hili linatuhusu. Hosteli zetu zina vijana wanaojifunza kutambua kwamba wamo ndotoni wakiwa bado wamelala, ili waigeuze ndoto wapendavyo. Wapo pia wanaosali istikhara, kisha wakasubiri ndoto iwaambie wamuoe nani au wasome fani gani. Tumtazame basi mtu aliyeupitia mlango huo kwa elimu.

Abdulrahman ibn Khaldun alizaliwa Tunis tarehe 1 Ramadhani mwaka 732 Hijria, sawa na Mei 1332. Ukoo wake ulikuwa wa wasomi na viongozi waliohama Seville huko Andalusia. Alihifadhi Qur'ani, akasoma fiqhi ya Imam Malik, hadithi, lugha na mantiki. Alipokuwa na miaka kama 17, tauni kubwa ya 1348 na 1349 ilifika Tunis. Ikawachukua wazazi wake wote wawili na wengi wa walimu wake.

Akaingia katika kazi za serikali. Huko Fez alishukiwa kula njama dhidi ya Sultani Abu Inan, akafungwa kwa karibu miezi 21, asitoke mpaka sultani huyo alipofariki mwaka 1358. Mwaka 1364 mtawala wa Granada alimtuma Seville kwa mfalme Pedro, naye mfalme akaahidi kumrudishia mali ya mababu zake iwapo angebaki. Alikataa. Baadaye akawa waziri huko Bijaya, akaingia katika vita vya makabila, akabadilisha mabwana mara nyingi.

Mwaka 1375 alichoka. Akajitenga na familia yake katika ngome ya Ibn Salama, katika nchi tunayoiita leo Algeria, akakaa huko karibu miaka minne. Hapo ndipo alipoandika Muqaddima, na rasimu yake ya kwanza aliikamilisha kwa miezi mitano tu, mwaka 1377.

Ndani ya kitabu hicho, kabla hajafika kwenye dola na biashara, anazungumzia njia ambazo binadamu hupata habari za ghaibu. Anaanza na wahyi, ambao ni wa Manabii peke yao, kisha anaifikia ndoto. Maelezo yake ni mepesi kufuata. Mchana nafsi imeshughulishwa na macho, masikio na mahitaji ya mwili. Usingizi unapozizima hisia, nafsi hupumua, na huenda ikaona kitu. Kilichoonwa hukabidhiwa kwa uwezo wa kuwaza, nao hukivisha sura: mfalme akaonekana kama bahari, adui akaonekana kama nyoka. Ndiyo maana ndoto huhitaji tafsiri. Wala bahari haina maana moja kwa kila mtu, kwani kwa mwingine inaweza kuwa hasira au msiba. Tena anafuata mafunzo ya hadithi kwamba zipo ndoto za kweli, na zipo ndoto za mchanganyiko zitokazo kwa shetani.

Kisha anasimulia jaribio lake. Katika kitabu kimoja mashuhuri cha wachawi alikuta maneno ambayo mtu huyasema anapokaribia kulala, baada ya kuisafisha nia, huku akitaja haja yake. Humo kulikuwa na habari ya mtu aliyejiandaa hivyo kwa siku kadhaa, akipunguza chakula na kuzidisha dhikri, akatokewa na mtu ndotoni aliyemjibu maswali yake. Ibn Khaldun anasema naye aliyatumia maneno hayo, akaona mambo ya ajabu, akajua baadhi ya mambo yake aliyotaka kuyajua.

Hapa watu wengi wangeanza kuwauzia wenzao siri hiyo. Yeye alifanya kinyume. Aliandika kuwa jaribio hilo si hoja kwamba kukusudia ndoto ndiko kunakoileta. Maneno yale huiweka nafsi tayari tu. Utayari ukiwa na nguvu, ndoto huwa karibu zaidi kutokea. Mtu anaweza kujiandaa apendavyo, lakini uwezo wa kujiandaa si uwezo juu ya kile anachojiandalia. Na katika kitabu hicho hicho, alipofika kwenye uchawi na hirizi, alieleza wazi kwamba sheria imeviharamisha vyote. Kwa hiyo sisi maneno yale hatuna haja nayo. Faida iliyobaki ni ule mpaka alioupiga.

Mpaka huo ungali unasimama. Mwaka 1975 mtafiti Keith Hearne, katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, alinasa ishara za macho alizotoa mtu aliyelala, kama walivyokubaliana kabla, kuonyesha kwamba anajua yumo ndotoni. Jambo hilo basi lipo. Lakini zitazame mbinu zinazofundishwa: kuandika ndoto kila asubuhi, kujiuliza mchana kama uko macho, kuamka kabla ya alfajiri kisha kulala tena ukiwa na nia. Yote ni maandalizi, na wapo wanaojiandaa hivyo wasipate kitu. Na saa hiyo ya kuamka, sisi tunaijua kwa jina la tahajjud.

Miaka ya mwisho ya Ibn Khaldun ilimwonyesha zaidi mpaka huo. Alihamia Misri, na mwaka 1384 akateuliwa kadhi mkuu wa Kimaliki, Kairo. Mwaka huo huo meli iliyokuwa ikiileta familia yake ilizama karibu na Iskandaria. Aliachishwa ukadhi na kurudishwa mara kadhaa. Mwaka 1401 alishushwa kwa kamba kutoka ukuta wa Dameski ili akaonane na Timur aliyekuwa ameuzingira mji. Alifariki Kairo katika Ramadhani ya mwaka 808, yaani Machi 1406, akiwa kadhi.

Basi ndugu yangu, dada yangu, lala na udhu, kwa ubavu wa kulia, na adhkari zako. Ukiota mema, mshukuru Allah. Ukiota mabaya, jikinge Kwake, geuka upande wa pili, usimsimulie mtu. Ukisali istikhara, shauriana na wenye busara kisha uende katika jambo lako, hata kama usiku umepita bila ndoto yoyote. Istikhara haikushurutishwa na ndoto.

Allah amrehemu Ibn Khaldun na atunufaishe kwa elimu yake. Wallahu a'lam.