Mwalimu wa Hesabu za Kikwetu

Lubumbashi kuna mtaa uitwao Kenya. Lakini habari hii ni ya nchi ya Kenya, iliyo mbali upande wa mashariki, kwenye pwani ya Bahari ya Hindi. Huko aliishi mwalimu mmoja wa hesabu, jina lake Edward Carey Francis.

Carey Francis alizaliwa London, mji mkuu wa Uingereza, mwaka 1897. Alipokuwa kijana, Vita Kuu ya Kwanza ilizuka, naye akapigana Ufaransa katika kikosi cha mizinga. Vita ilipokwisha, aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge kusoma hesabu. Alifaulu sana, hata mwaka 1922 akachaguliwa kuwa mmoja wa walimu wa huko. Wanafunzi wake walikuwa vijana hodari, na hesabu zao zilikuwa ngumu mno. Mbele yake palikuwa na sifa na maisha mazuri.

Mwaka 1928 aliyaacha yote hayo. Alisafiri mpaka Kenya, akawa mkuu wa shule ya misioni ya Waanglikana huko Maseno, karibu na Kisumu, mahali ambapo mstari wa ikweta unapita. Mtu aliyezoea hesabu za juu kabisa, sasa alikuwa pamoja na wavulana waliojifunza hesabu za mwanzo.

Kazi hiyo si rahisi. Mtu mwenye akili nyingi aweza kusahau jinsi hatua ya kwanza ilivyo ngumu. Tena, mtoto asiyefahamu hesabu si lazima awe mjinga. Huenda ni maneno ya swali yanayomzuia.

Siku zile, huko Uingereza, shilingi moja ilikuwa pensi 12, na shilingi 20 zilifanya pauni moja. Lakini Afrika Mashariki shilingi moja ilikuwa senti 100. Basi mfikiri mtoto wa Maseno aliyepewa swali la Kiingereza: matufaa matatu, kila moja pensi 5, bei yake ni kiasi gani? Jibu ni shilingi 1 na pensi 3. Mtoto hajapata kuona tufaa wala pensi. Anaona 15 imegeuka kuwa 1 na 3, wala hajui kwa nini. Atakariri jibu leo, na kesho atalisahau. Sasa mwulize mtoto yule yule bei ya maembe matatu, kila moja senti 5. Mara moja atajibu kuwa ni senti 15. Akili yake ni ile ile, ila swali limekuja karibu naye.

Carey Francis akatunga kitabu cha hesabu kwa Kiswahili, kikaitwa Hesabu za Kikwetu. Jina hilo lafundisha jambo kubwa. Hesabu si kitu cha wageni tu. Zimo sokoni, zimo shambani, zimo katika debe la maji na kibaba cha unga.

Mwaka 1940 alihamia shule ya Alliance, huko Kikuyu, karibu na Nairobi, akawa mkuu wake kwa miaka 22. Alikuwa mkali, na wavulana walimwogopa. Lakini ingawa alikuwa mkuu, hakuacha kushika chaki na kufundisha hesabu mwenyewe. Hakuoa, maisha yake yote aliwapa wanafunzi.

Mwaka 1962 alistaafu. Angaliweza kurudi kwao apumzike. Badala yake alikwenda kufundisha katika shule ya Pumwani, Nairobi, katika mitaa ya watu maskini. Hakwenda kuwa mkuu. Alikuwa mwalimu wa kawaida, chini ya mkuu mwingine, wala hakuona aibu. Alikufa Nairobi mwezi wa Julai mwaka 1966, mwenye umri wa miaka 68, akiwa angali mwalimu.

Ukishindwa na hesabu, usitupe kitabu. Rudi nyuma mpaka pale unapofahamu vizuri. Chukua mawe, mbegu au vijiti, uhesabu kwa mikono yako. Kisha endelea hatua kwa hatua, maana haba na haba hujaza kibaba. Nawe uliyefahamu upesi, usimcheke mwenzako aliyebaki nyuma. Kaa karibu naye, umtafutie swali la kikwetu.

Maswali

1. Carey Francis aliacha kazi gani alipokwenda Kenya?
2. Kwa nini swali la pensi lilikuwa gumu kwa mtoto wa Maseno?
3. Alifanya nini baada ya kustaafu?
4. Tunga swali moja la hesabu juu ya vitu vya sokoni kwenu, umpe mwenzako alijibu.