Mtunza bustani aliyezaa zege la nondo

UKIPITA kwenye vitalu vya maua vya kando ya barabara jijini Arusha, karibu na miche ya waridi na miparachichi huwa hapakosi vyungu vya saruji, na pengine simba au twiga wa saruji anayesubiri mteja mwenye hoteli. Fundi huanza kwa kukunja nondo nyembamba na wavu wa waya, kisha hukandika rojo la saruji lililochanganywa na mchanga mweusi wa miteremko ya Mlima Meru. Aliyeifanya kazi ya namna hiyo kuwa biashara hakuwa mhandisi. Alikuwa mtunza bustani wa Ufaransa, Joseph Monier.

Monier alizaliwa Novemba 8, 1823, katika kijiji cha Saint-Quentin-la-Poterie, kusini mwa nchi hiyo, eneo la wafinyanzi. Familia yao ilikuwa kubwa na ilifanya kazi kwenye mashamba na bustani za Duke wa Uzès. Shule hakuiona utotoni, kwani mikono yake ilihitajika bustanini. Alipopelekwa Paris akiwa kijana ndipo alipojifunza kusoma na kuandika, kwa masomo ya jioni.

Katika miaka ya 1840 alipata kazi kwenye bustani ya Tuileries, jirani na jumba la Louvre, akikabidhiwa michungwa. Mchungwa hauvumilii baridi ya Ulaya, hivyo kila mwaka miti hiyo ilitolewa nje wakati wa joto na kurudishwa ndani kabla ya majira ya baridi. Makasha ya mbao yalioza kwa maji ya kumwagilia. Vyungu vya udongo vilivunjika wakati wa kubebwa. Vya saruji tupu navyo vilipasuka.

Ndipo alipoweka wavu wa chuma ndani ya saruji. Saruji huhimili sana kugandamizwa lakini ni dhaifu ikivutwa, na chuma huhimili mvuto. Bahati nzuri, vitu hivyo viwili hutanuka kwa joto karibu sawa, na saruji nzuri hukikinga chuma kisipate kutu. Monier hakuwa na hesabu za kueleza hayo. Alijaribu, akavunja, akajaribu tena.

Hakuwa peke yake. Mfaransa mwenzake, Joseph-Louis Lambot, alikwishatengeneza mtumbwi wa saruji na chuma na kuuonyesha Paris mwaka 1855. Tofauti ni kwamba Monier alikuwa na jicho la soko. Aliwauzia matajiri vyungu, mabwawa ya bustani na miamba ya kuiga, na Julai 16, 1867, alipata hati ya kulinda ugunduzi wake. Mwaka uliofuata aliongeza mabomba na matangi ya maji, kisha bamba za kuta, na mwaka 1873 madaraja.

Mwaka 1875 alijenga daraja kwenye kasri la Chazelet, lenye urefu unaokaribia mita 14 na upana wa mita 4 na kidogo. Linatajwa kuwa daraja la kwanza duniani la zege lenye chuma ndani. Hapo mtunza bustani alionekana wazi, maana kingo zake alizifinyanga zifanane na matawi ya miti. Mtu anaweza kudhani ni magogo yaliyofungwa pamoja, hadi aguse.

Kwenye fedha, mambo hayakwenda hivyo. Kuanzia mwaka 1884 aliuza haki za kutumia ugunduzi wake kwa makampuni ya Ujerumani, na baadaye zikamfikia mhandisi Gustav Adolf Wayss. Wajerumani walifanya majaribio na mahesabu ambayo yeye hakuyaweza. Waligundua kuwa chuma hakipaswi kukaa katikati ya zege kama alivyozoea kukiweka, bali upande unaovutwa. Mwaka 1887 walichapisha kitabu kuhusu mfumo huo, na zabuni kubwa zikawaendea wao. Mwaka 1888 Monier alifilisika. Alifungua kampuni nyingine, lakini soko la Ufaransa likachukuliwa na François Hennebique, aliyesajili mfumo wake mwaka 1892 na kuusambaza kwa mawakala. Kwa mfanyabiashara, huenda hilo lilimuumiza kuliko la Wajerumani, kwa sababu lilitokea nyumbani kwake.

Uzeeni hali yake ilikuwa duni kiasi kwamba watu wa ujenzi walitoa wito asaidiwe. Alifariki dunia Paris Machi 13, 1906.

Wakati huo zege lenye chuma lilikwishaenea mbali na bustani. Wachongaji nao walilichukua, kwa kuwa lilikuwa rahisi kuliko shaba. Mwaka 1962 Gregory Maloba, mzaliwa wa Mumias nchini Kenya na mwalimu wa Makerere, alilitumia kutengeneza sanamu ya Uhuru ya Kampala, ya mwanamke anayemwinua mtoto juu. Mafundi wa Arusha wanaokunja waya wa simba wa hoteli wanafuata njia hiyo hiyo.

Nchini Ujerumani, nondo bado huitwa na mafundi chuma cha Monier. Daraja la Chazelet nalo limesimama, na matawi yake ya saruji.